Tusinunue Ngurumo Tukidhani ni Sauti

Kila mwaka, mwezi wa Oktoba uwadiapo, miji ya Kericho, Litein, Kapkatet, Sotik na Bomet huchangamka kwa namna isiyoonekana katika miezi mingine. Huo ndio msimu wa bonasi, yaani yale malipo ya pili ambayo mkulima mdogo wa chai huyasubiri baada ya kupeleka majani yake kiwandani mwaka mzima. Wauzaji wa vyombo vya umeme hutoa spika zao hadi barazani mwa maduka, wakazifungulia sauti tangu asubuhi hadi magharibi, kila mmoja akijitahidi kumzidi jirani yake. Mpita njia hasikii wimbo wala maneno. Husikia mtikisiko tu.

Ni katikati ya mtikisiko huo ambapo mzazi, aghalabu akiwa na karo ya Januari mawazoni, huamua kununua kile ambacho wauzaji hukiita homu thieta. Jina hilo lina maana ya sinema ya nyumbani: runinga iliyounganishwa na mashine ya kupokea na kukuza sauti, iitwayo risiva, ambayo nayo huzilisha spika kadhaa zilizopangwa sebuleni. Kununua chombo hicho si jambo la kulaumiwa. Mtu aliyeamka alfajiri mwaka mzima kuchuma chai katika baridi na umande ana haki ya kuketi na aila yake jioni, akasikiliza taarifa ya habari, kwaya na mchezo wa kuigiza. Ninalolalamikia ni jinsi tunavyochagua. Tunanunua kwa macho kitu ambacho kazi yake ni kuyahudumia masikio.

Jirani yangu mmoja, mkulima mwenye binti katika shule ya upili, alinunua seti ya namna hiyo. Ilikuwa kubwa, nyeusi, yenye taa za rangi zilizomemeteka kufuata midundo, na juu ya sanduku lake palikuwa pameandikwa kwa tarakimu nene: wati 10,000. Usiku wa kwanza tuliitwa kuishuhudia. Vikombe vilitetemeka mezani. Lakini taarifa ya habari ilipoanza, mzee huyo alimgeukia bintiye mara tatu akimuuliza, "Amesema nini?" Kisha mvua ikanyesha juu ya mabati, naye akaongeza sauti hadi mwisho, na hapo hata binti akashindwa kumjibu. Nilipoaga alinisindikiza hadi langoni, akaniambia kwa unyonge, "Mwalimu, nadhani nimenunua ngurumo. Sauti sikuuziwa."

Kauli hiyo imenikaa moyoni. Naona yafaa tuichambue mbele ya wanafunzi wetu, kwani ndani yake mna somo la fizikia na somo la lugha, na hasara iliyompata mzee huyo ingeepukika kama masomo hayo mawili yangalitoka darasani yakaingia dukani.

Tuanze na fizikia. Plagi za nchini Kenya zina fyuzi ambayo ukomo wake ni ampea 13, nao umeme wa nyumbani ni wa volti 240. Mwanafunzi akizidisha 13 kwa 240 atapata wati 3,120. Hicho ndicho kiasi cha juu ambacho plagi moja imeundwa kupitisha. Je, wati 10,000 zatoka wapi? Hazitoki popote. Baadhi ya watengenezaji hutumia kipimo kiitwacho PMPO, ambacho hudai kuonyesha nguvu ya chombo katika sehemu ndogo mno ya sekunde, wala hakina kanuni moja inayowafunga wote. Kipimo cha kuaminika zaidi ni kile kiitwacho RMS, kinachoeleza nguvu ambayo mashine yaweza kuitoa mfululizo. Mnunuzi akitaka kuujua ukweli, na aigeuze mashine asome kibandiko cha nyuma, panapoandikwa kiasi cha umeme inachotumia. Tulipokigeuza chombo cha jirani yangu tulisoma wati 60. Hakuna mashine iwezayo kutoa mfululizo nguvu nyingi kuliko ile inayoingizwa. Wahenga hawakuijua PMPO, lakini walikwisha kutuonya kwamba debe tupu haliachi kuvuma.

Hata wati zikiwa za kweli, yafaa ieleweke kwamba sikio halizihesabu kama tunavyohesabu shilingi. Ukubwa wa sauti hupimwa kwa desibeli. Ukiongeza nguvu ya mashine mara mbili, kwa mfano kutoka wati 50 hadi 100, unapata nyongeza ya desibeli 3 tu, nyongeza ambayo msikilizaji huitambua kwa shida. Ili sauti ionekane kuwa kubwa maradufu, huhitajika takriban desibeli 10, yaani nguvu mara kumi zaidi. Kwa hiyo yule anayelipa maelfu ya ziada ili atoke wati 80 hadi 100 ananunua tofauti ambayo hataisikia.

Kuna tarakimu nyingine muhimu ambayo wanunuzi wengi hawaiulizi, nayo ni wepesi wa spika kuitika. Huandikwa kwa desibeli, ikieleza sauti itokayo umbali wa mita 1 spika inapopewa wati 1. Spika moja huweza kuwa na desibeli 84, nyingine 90. Tofauti hiyo ya desibeli 6 ni sawa na nguvu mara nne. Maana yake ni kwamba spika ya 90 ikipewa wati 20 itasikika sawa na ile ya 84 iliyopewa wati 80. Kwa ufupi, spika njema huifanya mashine ndogo itosheleze, ilhali spika hafifu huimaliza mashine kubwa bure. Kama fedha ni chache, sehemu kubwa ya fedha hizo na iende kwenye spika, nayo risiva ipewe kinachosalia.

Sasa tugeukie lugha, mahali ambapo hasara ni kubwa zaidi kuliko tunavyodhani. Katika usemi, irabu ndizo hubeba kishindo, lakini konsonanti ndizo hubeba sehemu kubwa ya maana. Konsonanti nyingi ni fupi na dhaifu. Sauti kama s, sh na f hukaa katika masafa ya juu, mbali na ule mvumo mzito uitwao besi. Spika iliyoundwa kuvuma huzifunika. Msikilizaji hubaki na irabu zinazoelea, akawa anabahatisha kama msemaji alitaja "fua" au "vua", "shika" au "sika".

Kwetu sisi wa Kericho na Bomet jambo hili lina uzito wa pekee. Lugha ya Kipsigis, kama lugha nyingine za Kikalenjin, haitenganishi maneno kwa kutumia ghuna na sighuna katika vipasuo. Tofauti ya p na b, t na d, au k na g, ambayo katika Kiswahili hubadili maana, kwa mtoto aliyekulia Bureti au Chepalungu si tofauti aliyozaliwa akiisikia. Ndiyo sababu kila mwalimu wa Kiswahili katika eneo hili amesahihisha insha ambamo "gari" limekuwa "kari" na "bata" likawa "pata". Huo si uzembe wa mwanafunzi. Ni sikio ambalo halijapata mazoezi ya kutosha. Sikio hilo hufunzwa kwa kusikiliza Kiswahili kinachotamkwa vizuri, tena kwa wingi, na kwa mtoto wa kijijini chanzo cha Kiswahili hicho nje ya shule ni redio na runinga ya nyumbani. Mzazi anapoleta chombo kinachovifunika vipasuo, anamnyima mwanawe mwalimu wa jioni, huku akiamini kwamba amemletea burudani.

Mwulize mtu yeyote aliyekulia katika enzi ya redio ya betri. Leonard Mambo Mbotela, aliyefariki mwaka 2025, aliwafunza Wakenya adabu kwa miongo mingi kupitia kipindi cha "Je, Huu ni Ungwana?" Wengi walimsikiliza kwa redio yenye spika moja tu, ndogo kama kisahani, lakini hakuna silabi yake iliyopotea. Spika hiyo haikuwa na besi ya kujivunia. Ilikuwa na neno.

Naam, hata chombo kizuri huweza kuharibiwa na chumba. Nyumba zetu nyingi zina sakafu ya saruji, kuta za matofali au mabati, na paa la mabati lisilo na dari. Vitu hivyo vigumu hurudisha sauti badala ya kuimeza. Neno la pili hutoka kabla mwangwi wa neno la kwanza haujafifia, nayo maneno hupandana. Kuongeza sauti hakusaidii, kwani mwangwi nao huongezeka kwa kadiri ile ile. Kinachosaidia ni vitu laini: mapazia mazito, zulia, makochi yenye matandiko, rafu iliyojaa vitabu.

Kisha kuna mvua. Kericho hupata mvua takriban katika kila mwezi wa mwaka, na eneo hili linajulikana duniani kwa wingi wa mvua ya mawe, ambayo huwapa wakulima wa chai hasara kila mara. Mawe hayo yakianguka juu ya mabati matupu, hakuna spika ya nyumbani itakayoshindana nayo. Katika hali hiyo, nathubutu kusema kwamba dari ya mbao au ya bodi ni sehemu ya homu thieta, na huenda ndiyo sehemu iliyo bora kuliko zote. Mwenye kununua spika za bei kubwa akaziweka chini ya paa tupu ni sawa na mwenye kununua taa ya bei kubwa akaiwasha juani.

Tuingie dukani basi. Shauri langu la kwanza ni kwamba usisikilize muziki wa muuzaji. Muziki huo umechaguliwa kwa makusudi, una besi nyingi, nawe utashangazwa nao kabla hujafikiri. Beba rekodi uijuayo vizuri: taarifa ya habari kwa Kiswahili, mahubiri, au kipindi cha Kass FM kwa Kikalenjin. Omba spika nyingine zizimwe. Isikilize kwa sauti ya chini, kiasi cha watu wawili kuzungumza. Spika isiyoeleweka kwa sauti ya chini haitaeleweka kwa sauti ya juu. Baada ya hapo sikiliza kwaya, uone kama waweza kutenga sauti ya kwanza na ya nne. Ngoma na ije mwisho.

Pili, usivutwe na idadi. Mpango wa kawaida wa sinema ya nyumbani una spika tano na sabufa moja: mbili mbele pembeni, moja katikati, mbili karibu na msikilizaji, na sabufa kwa ajili ya besi. Katika filamu iliyotengenezwa kwa mpango huo, mazungumzo mengi hutoka katika spika ya katikati. Lakini katika seti za bei nafuu, spika hiyo ndiyo huwa ndogo na hafifu kuliko zote. Kwa fedha zile zile, spika mbili nzuri hushinda sita mbovu. Zisimamishe mbele ya msikilizaji, kimo cha masikio yake, umbali uliopo kati yao ukikaribia ule uliopo kati ya kila moja na kiti chake. Usiziingize kabisa katika pembe za chumba, maana pembe huongeza mvumo.

Tatu, risiva ichunguzwe kwa makini. Kila spika ina ukinzani unaoandikwa kwa omu, aghalabu 4, 6 au 8. Spika mbili za omu 8 zikiunganishwa sambamba huwa omu 4, nayo mashine hulazimika kutoa mkondo mkubwa zaidi. Kama haikuundwa kwa kazi hiyo, itapata moto na kuungua. Waya nazo zina adabu yake: nyekundu kwa nyekundu, nyeusi kwa nyeusi. Ukizipindua kwa spika moja tu, hiyo itavuta wakati mwenzake inasukuma, nayo besi itatoweka bila sababu ya kuonekana. Hakikisha vilevile kwamba matundu ya risiva yanalingana na yale ya runinga yako kabla hujalipa.

Tahadhari kubwa zaidi inawahusu wanunuzi wa vyombo vilivyokwisha kutumika ng'ambo. Vingi ni vizuri kuliko vipya vya bei sawa. Lakini umeme wa Japani ni wa volti 100, na ule wa Marekani ni wa volti 120. Mashine iliyoundwa kwa nchi hizo ikichomekwa moja kwa moja katika volti 240 zetu, haitamaliza dakika. Soma kibandiko kwanza. Na ikifika nyumbani salama, tafadhali mama wa nyumba asiifunike kwa kitambaa chake cha kufuma, hata kama ni kizuri namna gani, maana yale matundu ya juu ndiyo pumzi yake. Radi ikianza kupiga, chomoa plagi na waya wa antena pia.

Pengine msomaji atasema kwamba haya yote ni anasa ya siku hizi, wala hayana mizizi katika milima hii. La hasha. Mwaka 1950 Hugh Tracey, mtafiti wa muziki wa Kiafrika, alifika Kapkatet akarekodi nyimbo za Wakipsigis. Miongoni mwazo zilikuwamo nyimbo zilizoitwa "Chemirocha". Jina hilo lilikuwa matamshi ya Kikipsigis ya Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Marekani aliyezaliwa mwaka 1897 na kufariki mwaka 1933. Santuri zake zilikuwa zimefika huku, zikachezwa kwa gramafoni, nao wasikilizaji wakamfanya mgeni huyo wasiyepata kumwona kuwa kiumbe wao wenyewe. Katika wimbo wa wasichana anatajwa kuwa nusu mtu, nusu swala. Rekodi hizo zimehifadhiwa katika maktaba ya muziki aliyoianzisha Tracey huko Afrika Kusini mwaka 1954, na katika miaka ya karibuni nakala zake zimerudishwa kwa jamii ilikotoka sauti hiyo.

Hebu tufikiri ni chombo gani kilichofanya kazi hiyo. Gramafoni ya wakati huo ilizungushwa kwa mkono, wala haikuhitaji umeme wala wati hata moja ya kuandikwa juu ya sanduku. Wasikilizaji hawakujua Kiingereza. Hata hivyo sauti ya binadamu iliwafikia ikiwa na uhai wa kutosha kuwafanya watunge. Najiuliza kama kuna binti yeyote wa Kapkatet leo atakayetunga wimbo kutokana na mvumo wa wati 10,000.

Mwisho niseme neno kwa walimu wenzangu, hususan wanaoketi katika kamati za ununuzi. Shule zetu nazo hununua ngurumo. Ukumbi wa saruji na mabati huwekewa spika mbili kubwa jukwaani, wanafunzi wa mbele wakazibwa masikio na wale wa nyuma wasiambulie kitu. Spika ndogo kadhaa zilizopangwa kando ya kuta, karibu na wasikilizaji, kila moja ikilia kwa upole, hufanya kazi bora zaidi. Kabla ya kulipa, fanyeni jaribio lisilogharimu chochote. Mwanafunzi mmoja asome kwa kipaza sauti jozi ishirini za maneno, kama "gari" na "kari", "bata" na "pata", "doa" na "toa", bila kufuata mpangilio, nao walio nyuma kabisa waandike wanachosikia. Makosa yakihesabiwa, kamati itakuwa na kipimo ambacho hakuna muuzaji awezaye kukipaka rangi. Wanafunzi nao watakuwa wamejifunza fizikia na Kiswahili kwa siku moja.

Jirani yangu hakurudishiwa fedha zake. Alimwuzia chombo hicho kijana mmoja apigaye muziki katika sherehe, kwa hasara, kisha akanunua spika mbili zilizotumika na mashine ya wati 30 za kweli. Mwaka 2025 bonasi ya eneo letu ilipungua, manung'uniko ya wakulima yakasikika kote nchini, na kila shilingi ikawa ya kubishaniwa nyumbani kwake. Kidogo kilichobaki baada ya kutenga karo alikitumia kuweka dari sebuleni, wala hakuongeza spika. Nilimtembelea jioni moja mvua ikinyesha. Binti yake alikuwa ameketi mezani na daftari, akisikiliza mjadala wa redio na kuandika misamiati asiyoijua. Babake alikuwa kimya kwenye kiti chake, naye hakumwuliza kitu.